Jogoo wa Pete ya Buluu

Chawia,
11 Februari 2024

Lois, boma letu limechaguliwa! Boma langu mimi, hilihili unalolijua, limeingia kwenye utafiti wa chuo kikuu, na anayeufanya ni Sharon, binti yangu mwenyewe!

Haya, sasa nikusalimie. Hujambo mdogo wangu? Danson na mgongo wake wanaendeleaje? Huku mvua imekataa, lakini ukungu wa asubuhi unalowesha sukuma wiki kiasi chake. Ningekupigia simu, ila tangu sikio lako lizibe tumekuwa tukipigiana kelele mpaka majirani wa pande zote mbili wanajua habari zetu. Barua ni bora. Mutiso akipita Mwatate na lori lake la ndizi anamwachia mama wa duka barua zako, nami nazifuata hapo. Tena kuandika napenda. Mwalimu wa darasa la saba alisema nina mwandiko wa karani, hilo hulikumbuki kwa sababu wewe ulikuwa la tano.

Sasa ni hivi. Sharon na wakubwa wake wanataka kujua magonjwa yanavyotoka kwa kuku kuingia kwa watu, na yanavyotoka kwa watu kurudi kwa kuku. Nilimwuliza, mimi nitamwambukizaje kuku? Akacheka, akasema, "Mama, hicho ndicho tunachotafuta." Anakuja na gari la chuo, jeupe, lina nembo mlangoni. Dereva nimemwonyesha pa kuegesha, pale mbele ya kwa Susan, nikamwambia ndipo penye kivuli. Sharon anavaa glavu, anamshika kuku, anampitisha kijiti chenye pamba huko nyuma, ndiyo, nyuma hukohuko, kisha anakitia kwenye kichupa na kuandika. Susan akaja kuchungulia. Akasema, "Kumbe kusoma kote kule ni kupangusa kuku matako?" Nikamwambia, "Wako kituo cha polisi anapangusa viatu vya mkubwa wake. Wangu angalau amepewa gari." Aliondoka bila kuaga.

Kuku wote wamevishwa pete za plastiki mguuni. Wengi ni nyekundu, wachache ni buluu. Hawa wa buluu ndio wenyewe, Lois. Wamejengewa banda lao la wavu, wana gunia lao la chakula na maji yao peke yao, na kila wiki lazima waangaliwe. Wale wa nyekundu wanaangaliwa mara mojamoja tu, kama watoto wa kambo. Mtu hahitaji kwenda chuo kikuu kujua nani anapendwa hapo.

Nimesikia mkwe wako Nthenya amejifungua msichana. Hongera nyanya! Kiema sasa ni baba, na juzi tu nilikuwa namfuta kamasi. Mutiso anawaletea zawadi ya mzazi kutoka kwangu: jogoo wa pete ya buluu, mkubwa kuwapita wote, kifua kama cha mnyanyua vyuma. Najua jogoo wa mzazi ni wa supu, lakini supu mchinje wa kwenu. Huyu mfanyeni wa mbegu, halafu utaniambia Mboghoni nzima itakavyokuja kuomba mayai. Amepimwa na daktari kuliko nilivyopimwa mimi maisha yangu yote.

Ukiongea na Sharon usimtajie. Si lolote, ni mambo yake ya kazi. Wewe ni damu yangu, sikupi mabaki.

Dada yako,
Priscilla, mama wa mtafiti


Mboghoni,
3 Machi 2024

Dada Priscilla,

Hatujambo. Mgongo wa Danson unamruhusu kufungulia maji ya mfereji lakini haumruhusu kushika jembe, kwa hivyo anatusimamia sisi. Nyanya zimekubali, vitunguu bado.

Jogoo alifika na hasira zake. Amemdonoa Mutiso mkono, na Mutiso anasema hajawahi kubeba abiria mkorofi hivyo. Danson alimzunguka kama anayetazama ng'ombe mnadani, akasema huyu halali nje, hapa kuna ngawa na kuna majirani. Basi tumempa tenga jikoni. Mchana anatembea humo kama mwenye nyumba. Nthenya humo ndimo anamomwogesha mtoto, na mtoto akishatolewa kwenye beseni jogoo anakuja kunywa. Kiema anasema mtoto amepata babu wa pili.

Mtoto ana masikio makali. Jogoo akiwika anashtuka mikono yote miwili, kisha anatulia kama anayengoja awike tena. Nacheka peke yangu. Nasema huyu amechukua sikio langu lililopotea.

Tumempa jina. Kwa kina Danson, msichana wa kwanza wa Kiema alipaswa kuwa Lois. Lakini nilipoona ulivyotoa kitu chako kizuri kabisa ukawaletea mkwe wangu na mjukuu wangu, niliwaambia jina ni langu na ninalitoa. Anaitwa Priscilla. Danson alinuna siku mbili, sasa ameacha.

Tangu juzi mtoto ana joto kidogo na tumbo linamwendesha. Nthenya anasema ni maziwa. Tutaona.

Mdogo wako,
Lois


Chawia,
17 Machi 2024

Lois mdogo wangu, umenifanya nilie dukani kwa watu!

Niliifungua barua yako hapohapo Mwatate, nikashindwa kujizuia. Mama wa duka akadhani kuna msiba. Nikamwambia hapana, amezaliwa Priscilla mwingine. Jumapili nilisimama kanisani wakati wa matangazo, nikasema nina wajina Mboghoni. Pasta akasema ulimwengu ujiandae. Walicheka, nami nikacheka, ila Susan hakucheka.

Huku ni salama. Mvua imeanza. Magoti yananisumbua nikishuka mteremko, kupanda naweza.

Sharon alikuja Alhamisi, akahesabu kuku, akakosa mmoja. Wa buluu. Akarudia kuhesabu. Nikamwambia amebebwa na mwewe. Aliniuliza, "Mwewe gani anabeba jogoo wa ukubwa ule?" Nikasema mwewe wa Chawia hujawajua. Hakucheka. Alikaa juu ya ndoo, akavua glavu, akaniuliza kwa upole, unajua ule upole wao wa shuleni, kama nina hakika. Nikasema nilimwona kwa macho yangu. Basi aliandika.

Watoto waliosoma wana wasiwasi mwingi. Lakini nimefikiri, labda huyo jogoo mchinjeni tu. Mchemsheni sana. Na jikoni mmwage maji ya moto, si vibaya usafi penye mtoto. Sisemi kuna kitu.

Joto la mtoto ni la hali ya hewa ya huko kwenu, Mboghoni jua linachoma hata kivulini. Mpeni maji ya uvuguvugu.

Wako,
Priscilla Mkubwa


Chawia,
28 Aprili 2024

Lois,

Sisi wazima. Mutiso amepita na kupita, na kila nikimwuliza barua yangu anaangalia usukani. Sijui kama unaumwa au umekasirika, na kama umekasirika sijui ni kwa nini.

Mahindi yameota vizuri. Sharon amepata wanafunzi wawili wa kumsaidia.

Kama yule jogoo mlimchinja, niambie neno moja tu.

Priscilla


Mboghoni,
2 Juni 2024

Dada,

Danson hajambo. Vitunguu vimeoza shambani, hakukuwa na mtu wa kuving'oa.

Tumerudi kutoka hospitalini wiki iliyopita, na barua zako zote mbili nimezikuta hapa hazijafunguliwa. Tulilazwa Voi na mtoto, mimi na Nthenya kwa zamu, tangu kabla ya Pasaka. Mutiso aliniapia kwamba alikupa habari pale Mwatate, ana kwa ana, nawe ukashika kiuno ukasema utakuja kesho. Kwa hivyo usiniulize kama naumwa. Kutoka Chawia mpaka Voi si safari. Kila mlango wa wodi ulipofunguka niligeuka, maana mimi nikilala upande wa sikio zima sisikii nyayo, lazima niangalie.

Lile joto halikuwa la jua. Kijidudu kilitoka tumboni kikaingia kwenye damu, kikapanda hadi kwenye utando wa ubongo. Walimchoma sindano kichwani kwa sababu mikononi mishipa ilikwisha. Daktari aliuliza kama tunaishi na kuku. Nthenya akasema yuko mmoja tu wa ndani, mzima kabisa, mnene, hajawahi kuumwa hata mafua. Daktari akasema wa namna hiyo ndio wabaya. Wanakibeba na hawaonyeshi.

Walichotoa mwilini mwa mtoto kilipelekwa maabara, na kumbe maabara ni ileile ya kina Sharon. Basi Sharon akaja Mboghoni na gari lake jeupe. Alikuwa ameona jina Priscilla na jina la Danson, akadhani labda ni watu wengine. Aliingia jikoni, akamwona jogoo juu ya tenga. Jogoo akamjua, akamfuata.

 Sharon alimshika, akakata ile pete kwa mkasi, akaitia kwenye mfuko mdogo na kuufunga. Kisha akaniuliza, "Mama mdogo, huyu ametoka wapi?"

Nikamwambia ameletwa hapa na mwewe wa Chawia.

Alikaa chini, palepale kwenye majivu, na koti lake jeupe. Ndipo aliponieleza pete ya buluu ni ya nini. Kuku wa buluu walitengwa kwa sababu ndio waliopatikana na kile kijidudu. Akaniambia siku ya kwanza kabisa alikuambia hakuna wa buluu atakayetoka nje ya wavu, hata yai. Akasema ulimjibu, "Nimesikia, mimi si mtoto."

Sikuandikii ili nikutukane. Nakuuliza tu: ulisikia?

Lois


Chawia,
20 Oktoba 2024

Lois, Sharon anakwenda Uholanzi!

Ndiyo, Uholanzi, miaka mitatu, kumalizia udaktari wake, na wamemwandikia wao wenyewe kumwita. Nimeanza na hilo kwa sababu furaha haingoji salamu. Sasa hujambo? Danson je? Najua ni muda sijakujibu. Kazi zilinizidi, na magoti. Hospitalini nilitaka kuja, Mungu ananiona, nilikuwa nimeshakunja hata leso nikaitia kwenye mfuko. Nilifika Mwatate stendi. Magoti yakakataa.

Barua yako niliisoma. Ulikuwa na uchungu, na mtu mwenye uchungu anaandika lolote. Vijidudu viko kila mahali, Lois, hata kwenye mfereji wenu vipo. Mimi nilitoa zawadi. Hakuna mama duniani anayechukua kitu kibaya akampelekea mzazi. Wangekuwa wabaya, mbona walikuwa wananenepa? Mbona walilishwa vizuri kuliko wengine? Mtu angewatia pete nyeusi, tungeelewa.

Kuku wangu walichukuliwa wote. Watu wa chuo walikuja na mifuko. Sasa asubuhi naamshwa na jogoo wa Susan, na unajua hiyo ni adhabu ya aina gani.

Nikueleze ya Nairobi. Kulikuwa na mkutano mkubwa wa madaktari wa mifugo na madaktari wa watu, wamekaa pamoja. Nilimwambia dereva anibebe, Sharon alinikuta nimeshakaa, kiti cha mbele, na kitambaa changu cha zambarau. Alisoma kazi yake kwa Kiingereza, sikukamata yote, lakini picha nilizielewa. Kuna mahali alifika ukumbi wote ukainua vichwa. Jogoo mmoja, aliyetoka boma la mlimani akaenda boma la bondeni, na kijidudu cha tumboni mwake kikapatikana kwa mtoto mchanga, kilekile, hakuna tofauti hata ya punje. Wanasema ni nadra kuona njia nzima namna hiyo, mwanzo mpaka mwisho. Waliposimama kupiga makofi, mzungu mmoja alikuwa anafuta miwani. Ni ukurasa huo, Lois, ndio uliompeleka Uholanzi. Hakutaja majina. Mimi tu nilikaa pale nikijua boma la mlimani ni la nani.

Kwa hivyo naona hata katika hilo Mungu ametoa kitu.

Sharon hana furaha nami kama zamani. Akija anaongea na mimi kama anavyoongea na watu wa maboma mengine. Ananiuliza, "Nani alikuwa akiosha banda? Nani alikuwa akilisha?" Namwambia, Sharon, ni mimi, mama yako. Anaandika. Chai yangu hanywi, anasema ameshiba. Ataacha tu, ni uchovu wa kusoma.

Nimepanga sherehe ya kumshukuru Mungu na kumuaga. Yeye amesema hataki, nisimwite mtu, lakini mtoto hajui heshima anayomletea mamake. Tenti mbili nimeshaagiza. Atakuja chifu, pasta, kwaya, walimu wake wa msingi, mpaka mtoto wa Susan na sare zake. Jumamosi tarehe 30 Novemba. Njooni wote: wewe, Danson, Kiema na Nthenya. Mlete na wajina wangu, nimemshonea gauni la zambarau kama langu, watu watuone pamoja.

Nakuomba kitu kimoja kama dada. Siku hiyo mambo ya jogoo yasiguswe. Si kwa ajili yangu. Ni jina la Sharon. Watu wakisikia ugonjwa ulitoka kwa mama wa daktari watamcheka mpaka huko Uholanzi. Mtoto si alipona? Sindano zilifanya kazi, mmerudi nyumbani, ananyonya, anacheka. Basi tumshukuru Mungu, tule, tuyaache.

Dada yako akupendaye,
Priscilla


Mboghoni,
10 Novemba 2024

Dada,

Hatujambo. Danson amenitaka nisikujibu. Nimemwambia mimi na wewe tulilala kitanda kimoja mpaka ulipoolewa, nitajibu.

Umeuliza kama mtoto alipona. Anakaa peke yake bila kuegemea. Ana meno mawili. Anacheka ukija mbele yake, na ukiondoka anakufuata kwa macho mpaka unapotea mlangoni. Ni mzuri, Priscilla, amechukua paji la uso la mama yetu.

Nthenya ndiye aliyegundua. Mwezi wa nane sufuria ilimponyoka, ikaangukia jiwe la jiko nyuma ya mtoto. Mimi mwenyewe niliisikia. Mtoto aliendelea kunyonya kidole. Nthenya akaiokota, akaiangusha tena makusudi. Kisha akaiangusha tena. Kiema alipoingia alimkuta anapiga sufuria chini na kulia, na mtoto anamtazama kwa mshangao jinsi mdomo wake unavyofunguka.

Tulimpeleka Voi, wakamweka kwenye chumba kisicho na dirisha, wakampigia kengele na ngoma kushoto na kulia. Hakugeuka. Ni ule ugonjwa, walisema, ulikula masikio yote mawili kabla sindano hazijaushinda. Kusikia hakurudi. Mimi sikio moja lilikwenda nikiwa mtu mzima, nimeshasikia mama akiimba, nimeshasikia watoto wangu wakilia walipozaliwa. Yeye alimsikia jogoo wako. Na sisi tulicheka.

Sharon anajua. Hajakuambia? Huja hapa Jumapili, si kwa gari jeupe. Huja bila glavu, anakaa mkekani na mtoto, anamfundisha ishara za mikono alizojifunza mwenyewe kwa watu wa shule ya viziwi. Ishara ya maziwa anaijua tayari. Ishara ya mama pia. Chai yetu anakunywa. Nilimwuliza kuhusu ule ukurasa uliowasimamisha watu. Alisema alitaka kuutoa, akazuiwa na kujua kwamba kuna mabinti wengine wanaozaa leo na kuletewa kuku. Nikamwambia auache ubaki. Lakini alipoangua kilio sikumnyamazisha. Alistahili kulia kidogo, na mimi ni mzee, mikono ilinichoka.

Hujanijibu nilichokuuliza mwezi wa sita. Umenieleza magoti, mfereji, rangi za pete, na mzungu na miwani yake. Nimesoma barua yako mbele na nyuma. Sikuona neno "nilisikia" wala neno "sikusikia".

Umeniomba nisitaje jogoo. Sitamtaja. Wala Danson, wala Kiema. Nthenya ameuliza kama anaweza kukaa mbali na meza kuu, nimemwambia atakaa anapotaka. Tutakula chakula chako na kuimba na kwaya, na chifu akinisalimia nitamwitikia.

Ila mtoto nitamleta, kama ulivyotaka, watu wawaone pamoja. Atavaa gauni la zambarau. Nitamkalisha kwenye mkeka katikati ya tenti, pasta akishaomba. Usipige makofi wala usikanyage chini kwa nguvu, ule mtikisiko anauhisi na watu watadanganyika. Simama nyuma yake, kimya, kama mtu anayejiandaa kuimba. Halafu umwite. Jina unalijua, lilikuwa langu nikakupa. Liite kwa sauti ile unayosimama nayo kanisani wakati wa matangazo, kila mtu alisikie, tuone kama atageuka.

Jumamosi tarehe 30 Novemba. Tutakuja sote.

Lois